Vidonda vya tumbo vinavyovuja damu: kamera, katheta, matundu au kisu? Ulinganisho kwa familia za Mombasa

Mgonjwa anapotapika damu au kutoa choo cheusi kama lami, wanaoachiwa uamuzi mara nyingi ni wale waliomleta hospitali: mke, kaka, binti mkubwa, mjomba aliyepigiwa simu usiku. Huletewa fomu ya ridhaa yenye maneno wasiyoyajua na kuombwa watie sahihi. Mmoja ameshasikia kwamba siku hizi tumbo halipasuliwi tena, hutobolewa matundu matatu na mtu akarudi nyumbani keshoye, naye anataka hiyo. Mwingine ameshauriwa na jirani amkimbize mgonjwa Nairobi usiku huo huo. Ulinganisho huu nimewaandikia watu hao, wawe Kisauni, Likoni, Changamwe au Mji wa Kale, ili wakifika mbele ya daktari wajue njia zipo ngapi, kila moja inaweza nini na inashindwa wapi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa kidonda kinachovuja damu, njia ya kwanza ni kamera ya kupitia mdomoni. Damu ikirudi, njia ya pili kwa wagonjwa wengi ni kamera tena. Hapo ikishindikana ndipo lije swali la katheta, yaani mrija mwembamba wa kuuziba mshipa kutoka ndani, au upasuaji. Upasuaji wa matundu una nafasi yake, lakini ni finyu kuliko watu wanavyodhani, na familia inayoung'ang'ania inaweza kumchelewesha mgonjwa asipate kilicho bora.

Kwanza mgonjwa atulizwe

Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayoanza kabla mgonjwa hajasaidiwa mwili wake usimame. Aliyepoteza damu nyingi huwa na jasho baridi, moyo unaokwenda mbio, kizunguzungu akijaribu kuinuka, na wengine huanza kusema maneno yasiyoeleweka. Huwekewa sindano mbili nene za dripu, hupimwa kundi la damu na hemoglobini, yaani wingi wa damu yake, na huanzishiwa omeprazoli au dawa ya jamii yake kwa njia ya mshipa. Kazi ya dawa hiyo ni kupunguza asidi, ili donge la damu lililoziba kidonda lisiyeyushwe.

Hapa ndipo ugomvi wa kwanza kati ya familia na wauguzi huzuka. Watu wanamwona mzee wao amepauka, wanauliza mbona haongezwi damu. Kwa mtu asiye na ugonjwa wa moyo, madaktari wengi husubiri hemoglobini ishuke chini ya gramu 7 kwa desilita. Mwenye ugonjwa wa moyo huongezewa mapema zaidi, karibu na 8. Hawasubiri kwa sababu ya uchoyo. Utafiti uliofanyika Barcelona na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa walioongezewa damu kwa kiasi hicho walipona kwa wingi kuliko walioongezewa mapema, na vidonda vyao vilirudi kuvuja mara chache zaidi. Mtu ambaye damu inammiminika mbele ya macho yenu ni habari nyingine; huyo hasubiri kipimo. Na wakati madaktari wanafanya yao, ninyi anzeni kutafuta wachangiaji damu. Msisubiri kuambiwa.

Kuna mambo matatu ya kumwambia daktari hata kama hajauliza. La kwanza ni dawa: diklofenaki anayomeza kwa ajili ya mgongo, ibuprofeni aliyonunua duka la dawa kwa jino, aspirini ya moyo, warfarini ya kuzuia damu isigande. La pili ni ini. Mtu mwenye homa ya ini, mnywaji wa pombe wa miaka mingi, au aliyewahi kuugua kichocho cha tumbo anaweza kuwa anavuja damu kwenye mishipa iliyovimba kooni kuelekea tumboni, si kwenye kidonda. Tiba yake ni tofauti kabisa. Mishipa ile hufungwa kwa mipira midogo, na mengi ninayoyaeleza hapa hayamhusu. La tatu ni vidonge vya madini ya chuma, kwa sababu navyo hugeuza choo kuwa cheusi bila damu yoyote kuvuja.

Kamera ya mdomoni

Kwenye fomu itaandikwa endoskopi, au herufi OGD. Watu wengi husema kumezeshwa kamera au kupimwa kwa mpira, na kwa sababu ya neno "kupimwa" wanadhani ni uchunguzi tu, kwamba tiba itakuja baadaye. Sivyo. Kwa kidonda kinachovuja, mpira ule ule unaoonyesha ndio unaopitisha vifaa vya kuzuia damu. Katika njia zote nne, hii ndiyo inayoudhuru mwili kidogo zaidi, maana ngozi haiguswi popote.

Nimesikia maongezi ya namna hii zaidi ya mara moja: mama mtu mzima anamwuliza daktari, "Mwanangu, kwani hapa hamna ile ya matundu? Sitaki baba watoto achanwe." Naye daktari anamjibu kwa upole, "Mama, tukiingia kwa mdomo hatuhitaji tundu lolote. Tuanze hapo." Jibu hilo ni fupi, lakini limebeba hoja yote.

Mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto, hupuliziwa dawa ya ganzi kooni na kupewa dawa ya kumlegeza. Anayetapika damu nyingi huweza kulazwa usingizi kamili na kuwekewa mpira wa kupumulia ili damu isimwingie mapafuni, na hilo likipendekezwa msilikatae. Baadhi ya madaktari humpa eritromaisini kwa mshipa muda mfupi kabla ya kuanza. Hapo haitumiki kuua vijidudu. Inasukuma damu iliyojaa tumboni iteremke ili kidonda kionekane.

Kuhusu muda: kamera inatakiwa ifanyike ndani ya saa 24 tangu mgonjwa kufika. Watu huona saa hizo ni nyingi mno. Lakini utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha wagonjwa walio hatarini, wengine wakifanyiwa ndani ya saa 6 na wengine kati ya saa 6 na 24, na wale wa haraka hawakupona kwa wingi kuliko wenzao. Kwa hiyo ukiambiwa saa nne usiku kwamba kamera ni kesho asubuhi, na mgonjwa ametulia, ana dripu na dawa, hajatelekezwa. Ikiwa shinikizo la damu linaendelea kuanguka licha ya dripu na damu, hapo dai jibu usiku huo huo.

Daktari akifika kwenye kidonda hukitazama na kukipa daraja, kwa mpangilio unaoitwa Forrest, ambao umetumika tangu mwaka 1974. Daraja hilo mliulize na mliandike, kwa sababu ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata. Damu inayoruka kwa nguvu ni Ia, inayochuruzika ni Ib, na mshipa unaoonekana umetokeza bila kuvuja ni IIa. Hawa watatu lazima watibiwe pale pale. Donge lililong'ang'ania juu ya kidonda ni IIb, na hapo madaktari hutofautiana: wengine huliosha na kutibu kilicho chini yake, wengine huliacha na kutegemea dawa. Alama nyeusi bapa ni IIc, na kidonda kilicho safi ni III. Wawili hawa wa mwisho hawahitaji kuguswa kwa chombo, hula mapema, na wengi hurudi nyumbani haraka wakiwa na vidonge. Kuna familia zilizokasirika kwamba "hawakufanya kitu ndani", kumbe kutofanya kitu ndiyo tiba sahihi ya daraja lile.

Vifaa ndivyo jambo ninalotaka mlizingatie kuliko yote katika sehemu hii. Sindano ya adrenalini iliyozimuliwa, sehemu moja kwa 10,000, hubana mishipa na kusimamisha damu kwa muda. Kwa muda tu. Ikitumiwa peke yake, damu hurudi mara nyingi zaidi kuliko ikifuatwa na kifaa cha pili: klipu ndogo ya chuma inayobana mshipa, au chombo cha joto kinachouchoma na kuuziba. Ipo pia poda ya kunyunyizia juu ya kidonda, nzuri kwa kununua muda pale damu inapotoka kila upande, ingawa hudondoka baada ya siku chache. Swali la kuuliza basi ni hili: "Daktari, mna klipu au kifaa cha kuchoma, au mna adrenalini peke yake?" Hospitali yenye kamera lakini isiyo na kifaa cha pili inaweza kumtuliza mgonjwa, ila mjue mapema kwamba huenda akahitaji kuhamishwa.

Kamera husimamisha damu kwa takriban wagonjwa tisa kati ya kumi. Madhara yake, kama kutoboka kwa tumbo au damu kuingia mapafuni, yapo lakini ni machache. Baada yake, aliyekuwa na kidonda cha hatari hubaki wodini siku tatu akipokea dawa ya asidi kwa dozi kubwa. Kwa omeprazoli utaratibu uliozoeleka ni miligramu 80 kwa mpigo, kisha miligramu 8 kila saa kwa saa 72. Siku tatu hizo zina sababu: damu ikirudi, mara nyingi hurudi ndani yake. Kumtoa mgonjwa siku ya pili kwa sababu anajisikia vizuri na bili inapanda ni kucheza na maisha yake.

Damu ikirudi

Ishara ni zile zile: kutapika damu upya, choo cheusi kinachozidi, moyo kwenda mbio, hemoglobini kushuka. Hapa familia nyingi husema, "Kamera imeshindwa, sasa apasuliwe." Ushahidi unasema vingine. Utafiti mwingine wa Hong Kong, wa mwaka 1999, uliwachukua wagonjwa ambao damu ilirudi, nusu wakapelekwa kwenye kamera ya pili na nusu kwenye kisu. Kwa wale wa kamera, karibu robo tatu walipona bila kupasuliwa, na kundi lao lilipata madhara machache kuliko la upasuaji, bila vifo kuongezeka.

Wapo waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kushindwa tena: wenye kidonda cha sentimita 2 au zaidi, na wale ambao damu iliporudi shinikizo lao lilianguka. Mtu mwenye hayo yote mawili, ni haki daktari wa upasuaji aitwe aje asimame karibu hata kama kamera itajaribiwa tena.

Katheta: kuuziba mshipa kutoka ndani

Njia hii ndiyo isiyojulikana sana huku kwetu, nami naithamini. Daktari wa eksirei aliyebobea hutoboa mshipa mkubwa wa damu kwenye kinena au kifundo cha mkono, hupitisha mrija mwembamba, na kwa kufuata picha za eksirei huufikisha hadi kwenye mshipa unaolisha kidonda. Hapo huachia koili ndogo za chuma au vipande vya jelatini vinavyouziba. Ni sawa na fundi anayefunga valvu ya bomba badala ya kuhangaika na maji sakafuni. Mgonjwa huwa macho, na ganzi ni ya pale panapotobolewa tu. Kuziba mishipa ya tumbo kwa namna hii kuliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1972, kwa hiyo si jambo la majaribio.

Ukiiweka kando ya upasuaji, mizani iko hivi: katheta humletea mgonjwa madhara machache, hasa mzee au mwenye moyo, kisukari au mapafu mabovu asiyeweza kuhimili nusukaputi, lakini damu hurudi mara nyingi zaidi kuliko baada ya kushonwa. Tumbo lina mishipa mingi inayopokezana, ndiyo maana kuziba mmoja kwa kawaida hakuliui, na ndiyo maana pia damu inaweza kupata njia nyingine ya kukifikia kidonda. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo zamani amepoteza baadhi ya mishipa hiyo, naye aseme. Dawa ya rangi inayotumika kwenye picha inaweza kuumiza figo ambazo tayari ni dhaifu, kwa hiyo kipimo cha figo kiangaliwe.

Jambo moja dogo lenye faida kubwa: klipu ya chuma iliyowekwa na kamera huonekana kwenye eksirei. Hata kama haikuzuia damu, humwonyesha daktari wa katheta mahali hasa pa kuziba. Ndiyo sababu kamera "iliyoshindwa" mara nyingi huwa imeshafanya nusu ya kazi ya njia inayofuata.

Ugumu wake ni upatikanaji. Inahitaji mashine maalumu ya picha za mishipa, na daktari aliyefunzwa kazi hiyo awepo saa hiyo. Wataalamu wa namna hii nchini wamejikusanya zaidi Nairobi. Mombasa, msidhani ipo na msidhani haipo. Ulizeni moja kwa moja, na ulizeni kuhusu usiku na Jumapili, si mchana wa Jumatano peke yake.

Matundu: laparoskopi

Sasa ile inayotajwa sana. Tumbo hutobolewa matundu madogo ya milimita 5 hadi 12, hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili liinuke, na daktari hufanya kazi kwa vyombo virefu akitazama skrini. Kwa mawe ya nyongo, kwa kidole tumbo, kwa uvimbe wa ovari, mimi mwenyewe ningekupendekezea bila kusita.

Mkanganyiko unatokana na vidonda vya tumbo kuharibika kwa namna mbili. Kidonda kinaweza kutoboa ukuta wa tumbo, asidi ikamwagika ndani. Mtu hushikwa na maumivu makali ya ghafla, tumbo likakakamaa asikubali hata kuguswa. Hapo matundu ni chaguo zuri sana kwa mgonjwa aliyetulia: tundu hushonwa, tumbo huoshwa. Kazi hiyo imekuwa ikifanyika kwa laparoskopi tangu mwaka 1990. Binamu yako aliyetibiwa vidonda kwa matundu akapona upesi, karibu hakika alikuwa na hili.

Kidonda kinachovuja damu ni kitu kingine. Gesi iliyojazwa tumboni, kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, hubana mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Mtu mwenye damu ya kutosha hulistahimili hilo bila shida. Aliyepoteza damu nyingi anaweza kuanguka shinikizo pale mezani. Tena damu hunyonya mwanga, picha kwenye skrini ikawa giza. Na daktari hawezi kupapasa kwa vidole akahisi kidonda kiko wapi, hali kidonda chenyewe kimejificha upande wa ndani wa ukuta ambao kwa nje hauonyeshi chochote.

Kibaya zaidi ni kile kilicho ukuta wa nyuma wa duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Nyuma yake hupita mshipa mkubwa uitwao gastroduodeni, na kidonda kikiula, damu hutoka kwa kasi ya kutisha. Kuuzuia kunataka duodeni ipasuliwe, na mshipa ushonwe juu, chini na ubavuni, kwa sababu kuna tawi dogo linaloingilia pembeni. Sindano ikizama mno inaweza kuunasa mrija wa nyongo ulio jirani. Kushona hivyo kwa vyombo virefu, damu ikiruka, kunawezekana kwa mikono michache iliyozoea. Kwa wengine ni kupoteza dakika ambazo mgonjwa hana.

Je, matundu yafaa lini basi? Nafasi naiona kwa mgonjwa ambaye kamera imeshindwa kuizuia damu yake lakini shinikizo lake la damu limetulia, kidonda chake kiko tumboni kwenyewe, hasa ukuta wa mbele au upande wa nje, na hospitali ina daktari wa laparoskopi anayeshona tumbo mara kwa mara. Hapo daktari wa kamera anaweza kuingia chumba hicho hicho, akamulika kutoka ndani ili mwenzake wa nje ajue pa kukata, na kipande chenye kidonda kikaondolewa chote. Faida ya ziada ni kwamba kipande hicho huenda maabara kizima, na kwa kidonda cha tumbo hilo ni muhimu. Maumivu huwa kidogo, mgonjwa hupumua na kutembea mapema, na kidonda cha ngozi hakisumbui. Masharti yote hayo yakitimia, chagueni matundu. Likikosekana moja, hasa lile la shinikizo la damu, msiyadai.

Na mkitia sahihi ya matundu, mnatia pia sahihi kwamba daktari anaweza kuyaacha katikati na kufungua tumbo. Akifanya hivyo anamwokoa mgonjwa. Msimhesabie kuwa ameshindwa.

Kisu

Upasuaji wa wazi una sifa moja kubwa inayosahauliwa kwa sababu watu huuogopa: ni wa haraka, na hauhitaji mashine ambayo huenda haipo. Daktari hufungua kwa mstari mmoja kutoka chini ya kifua kuelekea kitovuni, hufika kwenye mshipa, hubana kwa kidole, hushona. Damu hurudi mara chache kuliko baada ya katheta. Gharama yake mwilini ni kubwa: maumivu, hatari ya nimonia, kidonda cha ngozi kuoza au kuachia ngiri, wiki kadhaa bila kunyanyua kitu kizito. Vifo baada ya upasuaji wa dharura wa namna hii ni vingi, ingawa sehemu ya sababu ni kwamba hufanyiwa waliokwisha kudhoofika, mara nyingi wakiwa wamecheleweshwa. Kuchelewa huko ndiko familia inaweza kukupunguza.

Kuchagua ukiwa Mombasa

Tuseme mgonjwa ametulia na yuko hospitali yenye kamera na klipu. Hapo hakuna cha kuchagua. Afanyiwe kamera hapo alipo. Akiwa kituo kisicho na kamera, mhamisheni ndani ya mji kwanza kabla ya kuifikiria Nairobi. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu twaiita Makadara, ni ya rufaa, na zipo hospitali binafsi kubwa kisiwani na upande wa Nyali. Pigeni simu kabla ya kuondoka na muulize: daktari wa kamera yupo saa hii? Klipu zipo? Damu ya kundi lake ipo? Kamera ikishindwa, daktari wa upasuaji na chumba chake viko tayari? Aliye Likoni au kusini zaidi aingize kwenye hesabu muda wa kivuko.

Nairobi iko kilomita 480 hivi kwa barabara. Mtu anayevuja damu hapandishwi basi la usiku wala treni ya SGR, hata akisema anajiweza. Safari hiyo ina maana pale tu ambapo kamera ya pili imeshindwa, mwili wake hauwezi kuhimili kisu, katheta haipatikani hapa, na ametulizwa vya kutosha kusafiri kwa ambulensi au ndege ya wagonjwa akiwa na muuguzi, dripu na damu. Ikiwa anaendelea kuvuja na shinikizo halisimami, daktari wa upasuaji aliye Mombasa saa hiyo ni bora kuliko mtaalamu wa katheta aliye mbali saa nane. Nalisema hili bila kulainisha, maana wapo waliofia njiani wakikimbizwa kwenye mashine nzuri zaidi.

Kuhusu pesa: SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kwa hiyo hakikisheni usajili wa mgonjwa uko hai, na muulize dawati la hospitali kipi kinalipiwa na kipi kitawarudia ninyi, hasa klipu na koili, ambazo ni vitu vya kutumia mara moja. Na Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mkizuiwa mlangoni kwa sababu ya amana, kitajeni kifungu hicho kwa sauti ya heshima na mwombe kumwona msimamizi wa zamu.

Akishapona

Njia yoyote iliyotumika imeziba mshipa tu. Sababu ya kidonda bado ipo. Kwa wengi ni bakteria H. pylori, waliotambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Wengine ni zile dawa za maumivu. Pilipili na ndimu zinaweza kumchoma mwenye kidonda, lakini si chanzo, na kumnyima mtu pilipili huku akiendelea kumeza diklofenaki ni kumwacha njia panda.

Kipimo cha bakteria kikifanywa wakati damu inavuja kinaweza kusema hakuna hali wapo, kwa hiyo jibu la "hakuna" lirudiwe baadaye, dawa ya asidi ikiwa imesitishwa wiki mbili. Wakiwepo, tiba ni mchanganyiko wa dawa za kuua bakteria na ya asidi, kwa kawaida siku 14, zimalizwe zote, kisha apimwe tena baada ya wiki nne au zaidi kuhakikisha wameisha. Anayemeza aspirini kwa sababu aliwahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo asiiache moja kwa moja kwa hofu. Kwa kawaida hurudishiwa ndani ya siku chache pamoja na dawa ya kulinda tumbo, na siku hiyo huipanga daktari. Ramadhani ikimkuta katika wiki za mwanzo, ana udhuru wa wazi. Baadaye, akiruhusiwa kufunga, dawa ya mara mbili kwa siku inaingia vizuri: kidonge cha kwanza kabla ya daku, cha pili kwa maji adhana ya Magharibi ikilia, asubiri kidogo kabla ya kula.

Kabla ya kutoka wodini, ulizeni kidonda kilikuwa tumboni au kwenye duodeni. Cha duodeni kwa kawaida hakihitaji kutazamwa tena kikipona. Cha tumboni mara nyingi hurudiwa kamera baada ya wiki 8 hadi 12 na kukatwa vipande vidogo vya maabara, kwa kuwa saratani ya tumbo huweza kuanza ikifanana na kidonda cha kawaida. Ombeni tarehe hiyo iandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa.